Bwawa Lisilo na Vifaranga

Mtu wa kwanza kunitamkia kwamba mkono wangu unafunga uzazi wa samaki alikuwa amekaa jikoni kwangu, anakunywa chai yangu. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, mwanamke mkubwa kwangu kwa umri, ambaye nilimwamkia shikamoo kila asubuhi tangu nilipoletwa Temeke nikiwa bibi harusi. Akapuliza chai, akapiga funda moja, akasema, "Usikasirike, mwanangu. Wenzio ndio wanasema, mie ni mdomo wao tu. Tangu uanze kuwalisha wewe, samaki hawazai."

Nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga hata baada ya ugali kuiva, kwa sababu ningesimama ningempiga na mwiko.

Mtaani kwetu mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama fulani, mama fulani, mtaa mzima. Mie niliitwa jirani. Hata wanawake walioolewa juzi, wakishajifungua tu walipata jina, wakaanza na wao kuniita jirani kwa sauti ile ya kumhurumia mgonjwa. Mume wangu alikuwa kuli bandarini Kurasini, sote wawili watu wa kusini, na tulikuwa tumekaa miaka kadhaa bila mtoto. Nilikuwa nimezoea kusemwa kisimani na msibani. Kusemwa kwa ajili ya samaki kulikuwa kupya.

Bwawa lenyewe lilikuwa mradi wa kikundi. Ndiyo miaka ya ujamaa ilipopamba moto, kila mtaa ulitakiwa uwe na mradi wake wa kujitegemea, na wenzetu wengine walishachukua mashamba ya mihogo. Sie tulipewa kipande cha bonde chini ya nyumba, mahali kijito kinapopita kuteremkia Mto Mzinga. Tulichimba wenyewe kwa majembe, tukabeba udongo kwa karai vichwani, tukafungua mfereji mdogo kutoka kijitoni ili maji yaingie na kutoka. Bwana samaki wa serikali, kijana mpole aliyekuja na baiskeli, alituletea perege wadogo kwenye debe, akatufundisha kuwalisha pumba za mahindi na majani ya mihogo. Akasema, "Perege hawana shida. Wakikomaa wanazaa wenyewe. Mtaona vifaranga vinacheza pembeni, kwenye maji ya kina kifupi."

Na kweli walizaa. Msimu ule wa kwanza, ukisimama ukingoni jua likiwa juu, uliviona vimejaa kama mbegu za ufuta zilizomwagwa majini. Siku hizo mie sikuwa kwenye zamu ya kulisha, nilikuwa nafanya kibarua cha kupalia bustani upande wa Kurasini. Hilo likumbukwe, maana wao walilikumbuka vizuri sana.

Kisha pumba zikawa adimu. Unga wenyewe tulikuwa tunaupangia foleni kwenye duka la ushirika, nani angekuwa na pumba za kuwapa samaki? Ndipo mwenyekiti akaja na habari njema. Mume wake alikuwa karani kwenye shamba kubwa la kuku la umma, juu kidogo ya mtaa wetu, kulikofugwa kuku wa kupelekwa mahotelini. Shamba lilikuwa linatupa vichwa na shingo kila siku ya kuchinja. Akawaomba wakubwa, wakakubali kikundi kichukue bure. Tukapiga vigelegele. Wakati wa kugawana kazi ulipofika, nani aende kubeba ndoo zinazonuka, zinazovuja damu mgongoni? Wakanitazama mie. "Jirani hana mtoto wa kumlilia nyumbani," mwenyekiti akasema, na wote wakaona ni hoja nzuri.

Basi nikawa mbeba vichwa. Nilipanda kwenda shambani, nikangoja nje ya machinjio, nikajaziwa ndoo, nikateremka, nikakatakata kwa panga na kuwamwagia samaki. Shingo zilizonona hazikufika bwawani. Akina mama walinisubiri njiani, kila mmoja na kibakuli, tukazichemsha kwa chumvi na nyanya. Nyama ilikuwa ya sikukuu wakati ule. Tulikula sote, wazee, watoto wa shule, wenye mimba. Nami nilikula, sikuwa na sababu ya kutokula.

Perege walinenepa. Walikuwa wazito mkononi, matumbo yamejaa, tukajisifu. Ila vifaranga havikuonekana. Tulingoja mvua za vuli, zikapita. Tukangoja masika. Ukingoni maji yalikuwa matupu, unaona tope tu. Waliovuliwa kwa kitoweo hawakuwa na wa kuwafidia, na bwawa likaanza kupungua.

Ndipo mwenyekiti akaja kunywa chai yangu.

Baada ya siku ile hakukuwa na haja ya kunong'ona tena. Nikipita na ndoo mtu anamvuta mwanawe ndani. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mimba changa alinikataza waziwazi kusimama mlangoni pake. Kwenye mkutano wa kikundi nilikaa mkekani na pembeni yangu pakabaki wazi, pa kuweza kukaa watu wawili, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Mwenyekiti akasema wameshauriana na mganga mmoja wa Mbagala, naye amesema bwawa lisafishwe, na kwamba aliyelifunga aingie majini mbele ya wenzake, aoshwe, aseme kwa mdomo wake kwamba anaachia.

"Niachie nini?" nikauliza.

"Unachokijua mwenyewe."

"Ninachokijua mie ni ndoo mliyonibebesha."

Mmoja akacheka, mwenyekiti akamtazama, kicheko kikakatika. Nikaambiwa nifikirie mpaka Jumapili.

Nilimweleza mume wangu jioni alipotoka kazini. Nilitegemea atapandwa na hasira, maana alikuwa mtu wa kupigana kwa jambo dogo bandarini. Alinawa, akala, kisha akasema, "Si uingie tu? Maji tu yale. Uingie, waridhike, tukae kwa amani."

"Nikiingia nitakuwa nimekubali."

"Watu wameshakubali bila wewe."

Mpaka leo sijui kama alimaanisha kunichoma au ulikuwa uchovu. Nilitoa godoro, nikalala sebuleni, na nililala huko kwa muda mrefu. Jumapili ilipofika sikwenda bondeni. Niliwasikia wakiimba kule chini na mganga wao, nami nikakaa barazani nafua shuka kwa nguvu ambayo shuka lile halikuistahili.

Lakini ndoo walikuwa bado wananiachia nibebe. Hilo ndilo lililonitia wazimu kuliko yote. Mkono wangu ulikuwa mchawi wa kufunga uzazi, ila kwa kubeba vichwa vinavyonuka ulikuwa mkono safi.

Siku moja ya kuchinja nilifika mapema, wachinjaji hawajamaliza. Jua lilikuwa kali, nikatafuta kivuli upande wa mabanda. Nikasimama kando ya banda refu lenye wavu, na baada ya muda nikagundua kitu kinachonisumbua: kimya. Banda zima lilikuwa la majogoo, yamejaa mpaka hayana pa kukanyaga, na hakuna hata moja lililowika. Nilikulia kijijini, najua majogoo mawili tu yanavyoweza kukunyima usingizi. Haya yalikaa kama kuku wanaotamia. Upanga wa kichwani umefifia, umesinyaa, rangi ya ufizi wa mtu mwenye homa.

Ndani kulikuwa na mfanyakazi mmoja, mtu mzima wa bara, anayekamata jogoo mmojammoja, anambana kwapani, anamchoma shingoni kwa bomba la sindano lenye mdomo mnene. Nikamsalimu, nikamuuliza yanaumwa nini.

"Hayaumwi. Tangu mwaka jana tunayatia dawa ya kunenepesha." Akanionyesha kiganjani: vidonge vidogo, vyeupe, kama punje za mchele uliokatika. "Hiki kinakaa chini ya ngozi, kinayeyuka polepole. Jogoo akiwekewa hiki anasahau ujogoo. Hapigani, hawiki, hapandi. Anakula tu na kutulia. Nyama inakuwa laini kama ya mtetea."

"Hapandi kabisa?"

"Atapandaje? Si jogoo tena huyo." Akacheka, akamwachia, akamkamata mwingine.

"Mbona mnachoma shingoni, tena juu kabisa?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Kidonge kingine hakiyeyuki chote, kinabaki. Kikikaa huku juu, akichinjwa kinatupwa pamoja na kichwa. Kwa walaji hakifiki."

Nikamuuliza, "Na kichwa kinakwenda wapi?"

Alikuwa ameshafungua mdomo kujibu, kisha akaitazama ndoo yangu. Akaufunga. Tulitazamana pale, yeye na jogoo wake kwapani, mie na ndoo yangu, mpaka akageuka akaendelea na kazi.

Siku ile nilibeba ndoo kama kawaida, ila sikuifikisha bwawani. Nilikaa chini ya mnazi nusu ya njia, nikachana ngozi za shingo kwa kisu, moja baada ya nyingine. Nyingi hazikuwa na kitu. Kisha nikakipata kimoja, kimelika kimebaki kama chembe ya chumvi ya mawe, na kingine, na kingine bado kizima. Nilivifunga kwenye pindo la khanga. Kilichonijaa hakikuwa hofu. Zilikuwa hasira. Nilifikiria vibakuli vyote vile vilivyonisubiri njiani.

Sikwenda kwa mwenyekiti. Nilirudi shambani, nikaomba kumwona meneja. Alikuwa mtu wa suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni, akanipokea akiwa amesimama ili nisidhani nitakaribishwa kiti. Nikafungua pindo mezani kwake, nikamweleza: samaki wa mradi hawazai, hiki kimetoka shingoni mwa kuku wenu, na watu wanakula.

Hakuvitazama. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Dawa hii imeletwa na wataalamu, inatumika nchi zilizoendelea. Wewe umesoma wapi, ndugu?"

"Sikusoma. Nauliza tu, kama haina neno, kwa nini mnaiweka mahali pa kutupwa?"

Ndipo akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayemtazama mwizi. "Sikiliza. Huu ni mradi wa umma. Anayeeneza uvumi dhidi ya mradi wa umma anaitwa mhujumu, na wahujumu wana mahali pao. Gereza la Ukonga si mbali na unapokaa." Akavifagia vile vidonge kwa ukingo wa kiganja, vikaanguka sakafuni. "Vichwa mlipewa kwa hisani. Kuanzia leo hakuna."

Kabla sijafika nyumbani habari zilishafika. Mume wa mwenyekiti alikuwa ameitwa ofisini na kukaripiwa kwa sababu yangu, na jioni ile mwenyekiti alikuja na wenzake pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi. Safari hii hawakutaka chai.

"Umetunyima nyama!" mmoja alipiga kelele kabla hata ya hodi.

Niliwaeleza yote, tangu banda lile la kimya mpaka vidonge. Nikawaambia dawa inayomfanya jogoo asahau ujogoo inamfanya na samaki vilevile. Wengine walianza kutazamana. Yule mwenye mimba akashika tumbo. Nikadhani nimewapata. Mwenyekiti akaliona hilo na yeye.

"Vizuri," akasema. "Vichwa vimekatazwa. Tutawalisha majani. Wakizaa, umesema kweli. Wasipozaa, tutajua ni nani." Balozi akasema hiyo ni haki. Wakaondoka.

Nilikubali mtego ule kwa moyo mkunjufu, maana nilijua niko sahihi. Kikundi kikatafuta perege wapya wadogo kwa bwana samaki, kikawamwaga bwawani, kikawalisha majani ya mihogo na mabaki ya jikoni. Miezi ikaenda. Perege wakakomaa. Nilikuwa nashuka bondeni mchana watu wakiwa wamepumzika, nachuchumaa ukingoni, natafuta vifaranga kama mtu aliyedondosha pete. Hakuna. Tope tupu.

Siwezi kueleza ilivyokuwa kutembea mtaani siku zile. Mtu mmoja alimwaga maji machafu mbele ya miguu yangu, akaniambia samahani huku akitabasamu. Kwenye duka la ushirika, nikijipanga nyuma yao, walionitangulia walinigeuzia migongo kana kwamba foleni imeishia kwao. Mume wangu alitumiwa ujumbe na ndugu zake kutoka kusini kwamba wamemtafutia mke wa pili, na hakukataa wala hakukubali. Alininong'oneza tu kwamba labda tuhame. Nikamwambia yeye ahame.

Nilikuwa nimesahau kitu kilicho wazi kabisa. Maji. Bwawa lilikuwa linakunywa kutoka kijitoni, na siku moja nilikifuata kijito kile kwenda juu, kwa sababu tu sikutaka kurudi nyumbani mapema. Nilipita nyuma ya mashamba ya mpunga, nikapenya matete, nikatokea nyuma ya machinjio ya shamba la kuku. Mtaro wa saruji ulikuwa unateremka moja kwa moja kijitoni, umejaa damu, manyoya na mafuta. Vichwa tulivyonyimwa vilikuwa pale, vimetupwa majini, kambare wanavigombania. Na juu yake, kando ya mtaro, yule mfanyakazi wa bara alikuwa anaosha mabomba yake na kukung'utia humohumo makopo ya dawa. Alinitambua. Hakukimbia wala hakuacha kuosha.

"Mama, mie nina watoto," ndicho alichosema.

"Na sie je?" nikamjibu, na mara ile ile nikakumbuka kwamba sina.

Nilimtafuta bwana samaki mwenyewe, nikamngoja ofisini kwao siku nzima kwenye benchi. Alikuja na baiskeli yake, akatega wavu mbele ya kikundi kizima, akapasua perege kwenye jani la mgomba. Sote tulimzunguka. Alitazama tumbo la wa kwanza, akapasua wa pili, akaacha ule mzaha aliokuja nao. Kwa wale aliosema kwa nje ni madume, alitoa kitu chembamba, kilichonyauka, mahali pa mfuko wa mbegu, na kwa wengine akapata kitu alichokigeuzageuza kwa ncha ya kisu bila kukiita jina.

"Hawa wameharibiwa," akasema mwishowe. "Sijui kwa nini hasa, itabidi wapelekwe kwa wakubwa. Lakini hii si kazi ya mkono wa mtu. Kuna kitu majini."

Hakuna aliyenitazama. Wote walimtazama mwenyekiti, naye akasema, "Kwa hiyo hujui kwa nini."

"Kwa kweli sijui, mama."

"Basi kama hujui, usiseme si mtu."

Yule kijana akaweka samaki kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza, akaondoka nao. Nilikwenda ofisini kwao mara nyingi kuuliza majibu. Kwanza niliambiwa bado, kisha chupa imepelekwa kwingine, kisha yule kijana amehamishiwa mkoa mwingine, na aliyekalia kiti chake hakuwa amesikia habari za chupa yoyote. Kijito kiliendelea kupokea mtaro ule mpaka chakula cha kuku kilipokosekana na shamba likafungwa lenyewe, miaka kadhaa baadaye. Hakuna mtu aliyelifunga kwa ajili yetu.

Bwawa tulilibomoa kabla ya hapo. Kikundi kilikata ukingo kwa majembe, maji yakatoka, perege wakabaki wanarukaruka topeni. Wanawake waligawana, wakawakaanga siku hiyohiyo, ingawa walikuwa wamemsikia bwana samaki kwa masikio yao. Nami nilitengewa fungu langu. Nililichukua mbele yao, nikalifukia nyuma ya choo.

Siku hizi wasomi wana jina la vitu vile, wanaita homoni, na nasikia wanavikuta kwenye mito bila hata kuku kuwepo, kutoka hospitalini na majumbani mwetu. Watu wa ukoo wakinisikia nikisimulia huniuliza kama zile shingo ndizo zilizoninyima mtoto. Hapana. Sikuwa na mtoto kabla ya kuziona, na sikumpata baadaye, na sitaki kumpa meneja yule hata dhambi ambayo si yake. Dhambi zake zinamtosha. Alijua dawa ile haifai kuliwa, ndiyo maana aliiweka shingoni, na akatugawia shingo tuzile.

Mume wangu hakuoa mke wa pili. Tulihamia Kinondoni alipopata kazi ya ulinzi, na huko polepole nilirudi chumbani. Nilikutana na mwenyekiti mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya sabuni mjini. Alikuwa amezeeka ghafla, mgongo umepinda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza hali, akauliza nyumbani. Sikumwamkia. Nadhani ndilo lililomuumiza, maana akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yale mambo si yalishapita?"

Walikuwepo watu mbele na nyuma, wote wanasikiliza.

"Kwako," nikamwambia.

Akauachia mkono wangu. Foleni ikasogea, akageuka mbele, nami nikabaki nyuma yake kwa muda wote uliosalia, naangalia shingo yake, mpaka alipochukua kipande chake cha sabuni na kwenda zake.